Nukta na mkato vinavyomkwamisha mwanafunzi wa Mbinga na Nyasa

MWANAFUNZI wa kidato cha pili aliyezaliwa katika miteremko ya Litembo, wilayani Mbinga, hahitaji kitabu ili aelewe kilimo cha ngoro. Amekua akiwaona wanaume wa nyumbani kwao wakifyeka majani na kuyalaza chini kwa mistari inayokatana, na wanawake wakichimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuufukia juu ya majani hayo, mpaka libaki shimo lililozungukwa na matuta. Anajua kwamba maharage na mahindi hupandwa juu ya matuta, na kwamba mvua ikinyesha maji hutulia shimoni badala ya kuteremka na udongo hadi mtoni. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wenzao wa Japani walikwenda Mbinga kujifunza jambo hilo ambalo mtoto huyu analijua kabla hajaanza shule.

Swali la hifadhi ya udongo linapomfikia katika karatasi ya Jiografia, jibu lake huweza kusomeka hivi: "Ngoro it prevent the soil to go, the water is enter in the hole, the grass it become manure." Msahihishaji anayesoma mamia ya karatasi atabahatisha maana ya sehemu ya kwanza, atasita katika ya pili, na huenda ataipita ya tatu. Maarifa yote matatu yamo ndani ya mstari huo. Kilichokosekana ni sentensi.

Mambo hayo huonekana madogo: kiima kimoja kwa kitenzi kimoja, nukta mahali pa nukta, mkato mahali pa mkato. Lakini katika sekondari za Tanzania karibu masomo yote, isipokuwa Kiswahili na machache mengine, hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Anayeshindwa kujenga sentensi hapotezi alama za somo la Kiingereza peke yake. Huzipoteza pia za Historia na Biolojia, na Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili ndio wa kwanza kumwonyesha ni ngapi.

Lugha ya tatu

Kwa mtoto wa Dar es Salaam, Kiingereza mara nyingi ni lugha ya pili. Kwa mtoto wa Mbinga vijijini, au wa vijiji vya ufukweni kama Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, aghalabu ni ya tatu. Nyumbani anazungumza Kimatengo akiwa milimani, au Kinyasa, Kimpoto au Kimanda akiwa ziwani. Shule ya msingi anaikuta kwa Kiswahili. Kiingereza kinamjia kama somo, kisha siku moja ya Januari, akiwa kidato cha kwanza, kinageuka kuwa lugha ya kila kitu.

Eneo hilo lote lilikuwa wilaya moja ya Mbinga hadi mwaka 2012, Wilaya ya Nyasa ilipomegwa. Siku hizi barabara ya lami ya kilometa zipatazo 67 inateremka kutoka Mbinga mjini hadi Mbamba Bay, na mwanafunzi wa milimani anaweza kuliona ziwa na kurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Ufuko huu ulikutana na Waingereza mapema. Wamisionari wa Kianglikana wa Misheni ya Vyuo Vikuu walifanya kazi kutoka kisiwa cha Likoma, na mmoja wao, William Percival Johnson, alizikwa Liuli mwaka 1928. Meli yao Chauncy Maples, iliyozinduliwa mwaka 1901, ilitumika pia kufundishia walimu ikiwa majini. Milimani waliofika ni Wabenediktini wa Kijerumani kutoka Peramiho. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walishika utawala, na baadaye shule za kati, yaani darasa la tano hadi la nane, zikawa mlango wa Kiingereza kwa wachache waliofika huko. Mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za umma, na mlango huo ukahamia kidato cha kwanza, ambako upo hadi leo.

Kwamba mlango ni mwembamba si habari mpya. Mwaka 1982 Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza sekondari nazo zianze kufundisha kwa Kiswahili, pendekezo ambalo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na William Dodd, walikadiria kuwa takriban asilimia 10 tu ya wanafunzi wa kidato cha nne walikuwa na kiwango ambacho mtu angetarajia kwa anayeanza kusomeshwa kwa Kiingereza. Anayeanza, si anayemaliza.

Mitaala nayo imekuwa ikienda na kurudi. Tangu mwaka 2015 somo la Kiingereza lilianzia darasa la tatu. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, umelirudisha darasa la kwanza. Watoto wa mtaala huo bado wako njiani. Waliomo kidato cha kwanza na cha pili kwa sasa ni wale wa darasa la tatu, na ni kwao hasa maelezo yanayofuata yanahusu.

Kitenzi kilichobeba nyumba nzima

Makosa ya mwanafunzi huyu hayatokani na uvivu wala uzito wa kichwa. Mengi yana mantiki, na mantiki yake inatoka katika Kiswahili na lugha za Kibantu za nyumbani.

Kitenzi cha Kiswahili hubeba sentensi nzima mgongoni. Neno "ninampikia" lina mtendaji, wakati, mtendewa na tendo lenyewe. Kiingereza hakina uwezo huo, kinataka maneno matano yaliyosimama kila moja peke yake: "I am cooking for her." Tena kinadai kuchagua kati ya "her" na "him", jambo ambalo Kiswahili hakilijali, kwa kuwa "m" na "a" humhusu mwanamke na mwanamume sawasawa. Ndiyo sababu katika madaftari mama mzazi hugeuka "he" bila mwandishi kushtuka.

Chukua sentensi "Mama anauza samaki." Kiima ni "mama", lakini kitenzi nacho kina "a" inayomrudia mama yuleyule. Mwanafunzi anayetafsiri kila kipande huandika "My mother she sells fish", akiamini kwamba "she" ndiyo ile "a". Katika Kiswahili urudiaji huo ni wa lazima. Katika Kiingereza sanifu ni kosa, kwa sababu nafasi ya kiima ni moja na "my mother" ameshaikalia. Kinyume chake hutokea pale kiima kisipotajwa. "Inanyesha" ni sentensi kamili, na mwanafunzi huandika "Is raining", kumbe Kiingereza kinadai "It is raining" hata kama hiyo "it" haimtaji mtu wala kitu chochote. Kosa la kwanza ni kiima kilichozidi, la pili ni kiima kilichopungua, na yote mawili yana chanzo kimoja.

Kuna na kosa la tatu la ukoo huohuo, ambalo hudumu hata kwa watu wazima wenye shahada. Kiswahili husema "mtumbwi niliosafiri nao", na "nao" hiyo haiwezi kuondolewa. Ndipo huzaliwa "the canoe which I travelled with it". Kiingereza hukoma kwenye "with". Neno "which" limeshafanya kazi ya "nao".

Upatanisho nao una mtego. Tunasema "mvuvi anavua" na "wavuvi wanavua". Wingi unaonekana katika nomino na katika kitenzi pia. Kiingereza hufanya kama kinacheza mchezo wa kuficha. Herufi "s" ikiwa kwenye nomino ni wingi, ikiwa kwenye kitenzi cha wakati uliopo ni umoja: "The boat leaves", lakini "The boats leave". Mwanafunzi anayeandika "The boats leaves" amefuata kanuni ya Kibantu kwa uaminifu kabisa.

Mnyororo wa "aka"

Hapa ndipo alama za uandishi zinapoingia, na hapa ndipo penye uzito kuliko kwingine kote.

Masimulizi ya Kiswahili huenda kwa mnyororo. "Akaamka, akanawa, akanywa uji, akashuka ziwani, akaukuta mtumbwi umeondoka." Hakuna mwalimu wa Kiswahili atakayeisahihisha sentensi hiyo. Kiambishi "ka" ndicho gundi. Kinamwambia msomaji kwamba kila tendo limefuata lililotangulia, na mkato unatosha kutenganisha pete moja na nyingine. Mtoto aliyesikiliza hadithi jioni, iwe kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, anao mdundo huo masikioni.

Sasa mdundo huohuo ukivishwa maneno ya Kiingereza: "He woke up, he washed, he drank porridge, he went to the lake, he found the canoe it has gone." Gundi imebaki Mbinga. Kiingereza hakina "ka", na mkato wake peke yake hauna nguvu ya kuunganisha sentensi mbili zinazojitegemea. Wanaofundisha Kiingereza huliona kosa hili kuwa miongoni mwa yanayojirudia zaidi, na wala halimwandami Mtanzania peke yake. Wanafunzi wa Uingereza na Marekani nao husahihishwa kwa kosa hilohilo. Tofauti ni kwamba wao hulifanya kwa haraka, wakati wetu hulifanya kwa kufuata kanuni ya lugha nyingine.

Tiba zake ni tatu, na mwanafunzi akizimudu amepata nusu ya uandishi. Ya kwanza ni nukta: "He woke up. He washed." Ni salama, ingawa zikifululiza huchosha kama hatua za mtu anayechechemea. Ya pili ni kiunganishi kinachotanguliwa na mkato: "He went to the lake, but the canoe had gone." Ya tatu ni kukitaja kiima mara moja na kuviorodhesha vitenzi: "He woke up, washed, drank some porridge and went down to the lake." Njia hii ya tatu ndiyo iliyo karibu zaidi na mnyororo wa "aka", na inashangaza kwamba mara nyingi ndiyo inayofundishwa mwisho. Mwanafunzi akionyeshwa kwamba Kiingereza nacho kina mnyororo wake, ila kiima kinasimama mwanzoni tu, mkato unaacha kuwa fumbo.

Nukta mkato nayo ingeweza kutumika, lakini katika kidato cha kwanza ni afadhali iachwe ipumzike. Anayejua nukta hahitaji nukta mkato. Asiyejua nukta ataitumia vibaya.

Si suala la pumzi

Wengi walifundishwa, na wengi bado wanafundisha, kwamba palipo na pumzi fupi huwekwa mkato na palipo na pumzi ndefu huwekwa nukta. Kanuni hiyo ni nyepesi kukumbuka, na mwanzoni haina madhara makubwa. Ubaya wake ni kwamba pumzi ni ya msemaji, alama ni ya muundo. Anayesoma Kiingereza kwa kusitasita hupumua baada ya kila neno la tatu, na akiiamini pumzi yake ataandika "The people of Mbinga, grow coffee", akimtenga kiima na kitenzi chake. Ndivyo pia inavyotokea "He said that, he was sick", kwa sababu wasemaji wengi wa Kiswahili hutua kidogo baada ya "kwamba".

Ikumbukwe kwamba hata kwa Kiswahili alama hizi ni za kuja. Barua na tenzi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu hazikutumia nukta na mkato kwa namna tunayoijua. Alama hizo zilienea pamoja na herufi za Kirumi na mitambo ya uchapaji katika karne ya 19. Huenda ndiyo sababu huchukuliwa kama mapambo. Zamani mtu aliandika na kueleweka bila hizo, kwa sababu viambishi vilifanya kazi ya kuonyesha nani kafanya nini.

Hata hivyo Kiswahili kinaweza kuonyesha thamani ya mkato kwa mfano mmoja tu. Andika ubaoni "Mwalimu Komba amefika", kisha "Mwalimu, Komba amefika". Katika ya kwanza aliyefika ni mwalimu. Katika ya pili mwalimu yupo tayari darasani, na aliyefika ni Komba, huenda kwa kuchelewa. Katika mkoa ambao jina hilo limejaa kila darasa, hakuna atakayesahau.

Baada ya hapo inawezekana kupanda ngazi nyingine. Usiku wavuvi wa Ziwa Nyasa huvua usipa kwa mwanga wa taa. Linganisha sentensi mbili: "The fishermen who had lamps returned early" na "The fishermen, who had lamps, returned early." Ya kwanza inasema kwamba baadhi tu walikuwa na taa, na hao ndio waliorudi mapema. Ya pili inasema wote walikuwa na taa na wote walirudi. Kwa Kiswahili tungesema "wavuvi waliokuwa na taa walirudi mapema" na kuuacha muktadha uamue. Mikato miwili ya Kiingereza imebadilisha hesabu ya mitumbwi.

Maswali, ritifaa na herufi kubwa

Katika kuuliza, Kiswahili kinaitegemea alama kuliko Kiingereza. "Amefika" na "Amefika?" yana herufi zilezile; kinachotofautisha ni alama ya kuuliza katika maandishi na mpando wa sauti katika mazungumzo. Kiingereza huyahamisha maneno yenyewe: "He has come" huwa "Has he come?" na pasipokuwa na kitenzi kisaidizi huazimwa "do" au "did". Ndiyo maana "Unakwenda wapi?" huzaa "You are going where?" Mwanafunzi aonyeshwe kwamba katika Kiingereza alama ya kuuliza hufika baada ya kazi kufanyika. Na swali likiwekwa ndani ya taarifa, alama huondoka na mpangilio hurudi wa kawaida: "He asked where I was going."

Ritifaa ni rafiki wa zamani mwenye kazi mpya. Mtoto huiandika tangu darasa la kwanza katika "ng'ombe" na "ng'ambo", ambako inaonyesha sauti. Katika Kiingereza inaonyesha umiliki au herufi iliyodondoka. "The fisherman's net" ni nyavu ya mvuvi mmoja, "the fishermen's net" ni ya wavuvi wengi. Kiswahili hutumia "-a", na mwanafunzi huandika "the net of the fisherman", ambayo si kosa ila ni nzito. Kosa lenyewe ni "the fishermans net". Lililo gumu zaidi ni "its" na "it's". La kwanza ni "-ake", la pili ni ufupisho wa "it is". Njia nzuri ni kujaribu kuisoma "it is" kwa kirefu. Ikikataa kuleta maana, ritifaa iondoke.

Herufi kubwa hazina vita. "Ziwa" ni ndogo na "Ziwa Nyasa" ni kubwa. "Lake" na "Lake Nyasa" vivyo hivyo. Siku, miezi na majina ya lugha hulingana. Kipya ni "I", ambayo ni kubwa popote ilipo, wakati "mimi" ya Kiswahili haidai heshima hiyo.

Kurudi kwenye ngoro

Sentensi ya mwanzoni inaweza kutengenezwa mbele ya darasa zima, na kazi hiyo haihitaji zaidi ya chaki. Kwanza vitafutwe vitenzi: "prevent", "enter", "become". Vitatu, maana yake kuna taarifa tatu. Pili, kila kitenzi kipewe kiima kimoja, na kila "it" inayorudia ifutwe. Tatu, umoja uonekane: "prevents", "enters", "becomes", na "is" iliyodandia kabla ya "enter" ishuke. Nne, na hii ndiyo hatua ya kufikiri, wanafunzi waulizwe taarifa hizo zinahusiana vipi. Swali hili liulizwe kwa Kiswahili, au hata kwa Kimatengo, kwa kuwa kinachotafutwa ni fikra. Watasema kwamba ya pili ni sababu ya ya kwanza, na ya tatu ni faida nyingine kabisa. Basi ya pili itafungwa kwa "because" na ya tatu itatanguliwa na nukta: "Ngoro prevents soil erosion because rainwater stays in the pits. The grass under the ridges rots and becomes manure."

Hapo msahihishaji hana la kubahatisha. Kama darasa lina muda, sababu inaweza kutangulizwa: "Because rainwater stays in the pits, ngoro prevents soil erosion." Kishazi tegemezi kikitangulia, mkato huwekwa kinapokoma; kikifuata, kwa kawaida hauwekwi. Kiswahili kina desturi inayofanana: "Kwa kuwa maji hutulia shimoni, udongo hauondoki." Kisichoruhusiwa katika insha ni kukiacha kishazi hicho kisimame peke yake: "Because the water stays in the pit." Msomaji hubaki akingoja, kama abiria aliyeambiwa meli imeonekana asiambiwe kama imetia nanga.

Maneno kiima, kiarifu, kishazi huru, kishazi tegemezi, sentensi ambatano na sentensi changamano si mageni kwa wanafunzi. Huyasoma katika Kiswahili, pengine siku hiyohiyo, katika chumba hichohicho. Masomo haya mawili hufundishwa kama majirani wasioamkiana. Mwalimu wa Kiingereza na wa Kiswahili wakikubaliana kufundisha kishazi tegemezi katika wiki moja, mwanafunzi atakisoma mara mbili kwa bei ya mara moja, na atauona mpaka kati ya lugha hizo badala ya kujikwaa juu yake. Shule inayomwadhibu mtoto kwa kusema Kiswahili ndani ya kipindi cha Kiingereza inakitupa chombo hicho kabla hakijatumika.

Madaftari 150

Yote haya yanakwama mezani kwa mwalimu. Mwenye mikondo mitatu ya wanafunzi 50 ana madaftari 150. Akitumia dakika 3 kwa kila moja, anahitaji saa 7 na nusu kusahihisha zoezi moja, mbali na vipindi, maandalio na zamu. Haishangazi kwamba mazoezi ya kuandika aya hupungua, na nafasi yake kuchukuliwa na ya kujaza nafasi zilizo wazi, ambayo husahihishwa haraka na hayamfundishi mtu kujenga sentensi.

Njia mojawapo ni kusahihisha kosa moja tu kwa wiki. Wiki ya nukta, mwalimu huangalia kama sentensi mbili huru zimeunganishwa kwa mkato, basi. Tahajia na nyakati husubiri zamu yake. Kwa nusu dakika kwa daftari, madaftari 150 huisha kwa saa moja na robo. Mwanafunzi naye hurudishiwa ukurasa wenye alama nne nyekundu anazozielewa badala ya arobaini zinazomkatisha tamaa.

Njia nyingine ni imla, ambayo walimu vijana huidharau kwa kuwa ni ya kizamani. Mwalimu husoma aya fupi mara tatu bila kutaja alama: mara ya kwanza wanafunzi husikiliza, ya pili huandika, ya tatu huhakiki. Kisha hubadilishana madaftari na kujadili kila nukta ilipowekwa na kwa nini. Aya ikihusu anikaji wa usipa mchangani au uchumaji wa kahawa, maneno mageni hupungua na akili hubaki kwenye muundo. Pale penye vitabu vichache, aya moja ubaoni inatosha kwa wiki nzima: Jumatatu ikiwa bila alama zozote, Jumatano ikiwa na mkato mahali pote panapostahili nukta, Ijumaa ikiwa na sentensi fupi fupi zinazosubiri kuunganishwa.

Muda wa kujiandaa si mrefu. Chini ya mtaala mpya elimu ya msingi imefupishwa kutoka miaka saba hadi sita, na mwaka 2027 wahitimu wa mwisho wa darasa la saba wanatarajiwa kumaliza pamoja na wa kwanza wa darasa la sita. Januari 2028 makundi hayo mawili yatapiga hodi kidato cha kwanza kwa pamoja, na mwalimu mwenye madaftari 150 huenda akajikuta na 300.